Waya wa Dijitali na Utamu wa Sauti: Mada kwa Mafundi Sauti wa Tanga



Nimeombwa nijibu kama waya wa dijitali unabadilisha utamu wa sauti. Jibu langu ni hapana. Nalitoa mapema kwa sababu fundi wa harusi anaweza kushawishika kununua waya wa bei mbaya huku maiki yake imechoka.

Sidi (CD) hutoa sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kulia na kushoto: jumla biti 1,411,200 kila sekunde. Ndani ya waya hamna udi wala fidla, mna 0 na 1 tu. Kifaa kinachopokea kikizitambua, zimefika kamili, waya uwe wa shilingi elfu tano au laki tano. Kikishindwa, besi haipungui wala sauti ya mwimbaji haiwi nyembamba. Utasikia mikwaruzo ya ghafla, mkatiko, au kimya. Anayetilia shaka ajaribu. Apitishe wimbo kwenye waya kutoka mashine moja hadi nyingine bila kugusa kiwango cha sauti wala sampuli, aurekodi, kisha ageuze wimbi la nakala moja juu chini na kuichanganya na ya asili zikiwa zimepangwa sawasawa. Biti zikiwa zilezile, hakibaki kitu.

Jambo moja nalikubali. Waya wa USB una shaba, na kompyuta iliyo kwenye chaji inaweza kupitisha mvumo wa umeme hadi kwenye amplifaya. Hapo kosa ni la ethi. Waya wa mwanga hauna shaba, kwa hiyo haupitishi mvumo huo.

Waya wa analogi ndio unaostahili hofu yetu, hasa tunapohifadhi nyimbo za zamani. Mji huu ndio wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na la besi katika taarabu, na ndimo mwimbaji Shakila alimoimba. Nyimbo zile zilitoka kwenye santuri. Anayetaka kuzihifadhi leo ajue kuwa sindano ya santuri hutoa umeme wa milivolti chache tu. Jeki iliyoota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, au waya usiokingwa uliolazwa kando ya waya wa umeme, huingiza mvumo wa hezi 50 kabla ya sauti kugeuzwa tarakimu. Ukishaingia umeandikwa pamoja na wimbo, na hakuna waya wa dijitali utakaoutoa. Inaniuma kusikia sauti kama ya Shakila imehifadhiwa hivyo, wakati dawa ilikuwa kusafisha jeki na kulehemu upya.

Kwa hiyo naomba semina hii ipendekeze hivi: fedha ya kwanza iende kwenye maiki, inayofuata kwenye jeki, nyaya za analogi na ethi. Waya wa dijitali tununue ulio mzima na usiozidi urefu unaokubalika, ambao kwa USB 2.0 ni mita 5.