Miaka 30 Huamuliwa Usiku wa Kwanza

Leo nazungumzia kesi za unyang'anyi hapa Arusha: zinavyoanza, zinavyokwisha, na kwa nini nyingine zinaishia mahali ambapo aliyeporwa hakupategemea kabisa.

Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyekabwa. Yupo mama lishe aliyeporwa simu alfajiri akiwahi Soko la Kilombero. Yupo kijana wa bodaboda aliyekodiwa usiku na abiria asiyemjua, akafikishwa gizani na kunyang'anywa pikipiki ambayo hata mkataba wake alikuwa hajaumaliza. Wanaokaba wakiwa watatu juu ya pikipiki moja mtaani tumeshawapa jina, tatu mzuka. Na kila mmoja wetu amesikia lalamiko hili: walikamatwa, wakapelekwa mahakamani, baada ya muda tukawaona tena mtaani. Hapo hasira inazaliwa. Na hasira hiyohiyo ndiyo inayotafuta tairi na petroli siku mtu mwingine anapopigiwa kelele za mwizi, awe kweli mwizi au mpita njia.

Ninachosema leo ni hiki. Kesi nyingi za unyang'anyi zinazoanguka huwa zimeharibika mapema sana, katika saa chache za kwanza, kituoni, kwenye karatasi. Hakimu anapokuja kuisikiliza, anakuta tayari ina ufa.

Tuanze na sheria yenyewe. Unyang'anyi wa kutumia silaha uliingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu mwaka 2004 kwa kifungu cha 287A, na adhabu yake ni jela isiyopungua miaka 30. Thamani ya mali haiangaliwi. Aliyeinua panga akapora simu ya kitochi, na aliyeingia benki na bunduki akatoka na mamilioni, wote wanaanzia miaka 30. Hakimu akishamtia mtu hatiani, hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo, hata mshtakiwa awe na miaka 19 na hilo liwe kosa lake la kwanza.

Na dhamana hakuna. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa ya aina hii kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka huohuo. Kwa hiyo mtu akishasomewa shtaka hilo, safari yake ni moja tu: mahabusu, gereza la Kisongo.

Fika mahakamani asubuhi uone. Karandinga la Magereza linaingia, ndugu wanasogea wamwone mtu wao walau akishuka. Jina linaitwa. Wakili wa Serikali anasimama: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa. Upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Tarehe inatolewa. Dakika chache tu, na karandinga linarudi Kisongo. Tarehe ya pili ni hivyohivyo, na ya tatu. Aliyeporwa naye anachoka. Simu yake imebadilika namba, amehamia Mbauda au amerudi kijijini, na siku kesi inapoiva, shahidi mkuu haonekani.

Hapo ndipo watu wanaposema ameachiwa. Lakini kuachiwa kuna namna zake, na ni vizuri tuzijue. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuliondoa shauri. Mshtakiwa anatoka, ila anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Hakimu anaweza kusema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, akamwachia huru kwa sababu upande wa mashtaka umeshindwa hata kumfikisha mahali pa kujitetea. Tangu mwaka 2019 yapo pia makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa na upande wa mashtaka wanaweza kukubaliana, hata juu ya kosa dogo zaidi, kisha mahakama ikaridhia. Na baada ya yote hayo iko rufaa, ambako kifungo cha miaka 30 kinaweza kufutwa kwa hukumu moja.

Kinafutwaje? Sikiliza hapa, maana ndipo penye kiini. Ripoti zetu za sheria za mwaka 1980 zina uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Mahakama ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na haifai kumfunga mtu kwa ushahidi huo mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uwe umeondolewa. Tangu hapo, shahidi wa unyang'anyi wa usiku anaulizwa maswali yaleyale. Ulimwona kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mkali kiasi gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Na lile zito kuliko yote: ulimtaja kwa nani, na lini?

Sasa mfikirie dada aliyekabwa Sakina saa 3 usiku. Anafika kituoni anatetemeka. Anaandikiwa RB, anaambiwa aeleze. Anasema walikuwa watatu, wamemchukulia simu na pochi. Karatasi inafungwa. Hakuna aliyemuuliza taa ya duka ilikuwa wapi, wala yule mwenye kovu alisimama upande gani. Baada ya mwaka mmoja, kizimbani, anasema: "Nilimtambua kwa kovu shavuni." Wakili wa utetezi anayafungua maelezo ya usiku ule. Kovu halimo. Dada hasemi uongo, lakini kesi imekwisha.

Mambo mengine yanafanana na hilo. Maelezo ya onyo, yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi, yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya saa 4 tangu mtuhumiwa awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kihalali. Yakichukuliwa kesho yake, yanaweza kutupwa. Hati ya mashtaka isipomtaja mtu aliyetishwa au kupigwa, ina kasoro, na zipo hukumu zilizofutwa kwa sababu hiyo. Simu iliyokamatwa isipokuwa na kumbukumbu ya nani alimkabidhi nani, mahakama inahoji kama ndiyo ileile.

Arusha tumeiona kwa macho hukumu ya miaka 30 ikifutwa. Oktoba 2021, Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha ilimhukumu aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, Lengai Ole Sabaya, na wenzake wawili miaka 30 jela kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, katika shauri la uvamizi wa duka jijini hapa. Mei 2022, Mahakama Kuu hapahapa Arusha ikaifuta hukumu hiyo na kuwaachia. Tangu kufunguliwa kwa shauri Juni 2021 hadi rufaa kuamuliwa, haukutimia mwaka. Mimi sirudii kuhukumu kilichokwisha kuamuliwa. Ninachouliza ni hiki: kama mashine yetu ya haki inaweza kwenda kwa kasi hiyo kwenye kesi inayotazamwa na nchi nzima, kwa nini mahabusu asiye na jina na mama lishe aliyeporwa wasubiri tarehe juu ya tarehe?

Ushahidi mwingine wa kasoro za kesi hizi uko Arusha hapahapa, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2015, katika kesi ya Alex Thomas, Mtanzania aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, mahakama hiyo ilisema haki yake ya kusikilizwa kwa usawa ilivunjwa, ikiwemo kunyimwa msaada wa wakili katika kosa lenye adhabu nzito kiasi hicho. Wafungwa wengine wa makosa kama hayo walifuata njia hiyo, mpaka nchi yetu ilipoondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kuishtaki huko moja kwa moja, hatua iliyochukuliwa Novemba 2019 na kuanza kutumika Novemba 2020. Sasa marekebisho yote lazima yafanyike nyumbani.

Kwa hiyo nasema na kila upande. Ndugu zetu polisi, muulizeni aliyeporwa yale maswali usiku uleule, na mwandike kila anachosema. Waheshimiwa mahakimu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawapa nafasi ya kumwombea wakili mshtakiwa asiye na uwezo. Itumieni kwa kila anayekabiliwa na miaka 30. Wakili mzuri anamwokoa asiye na hatia, na anaufanya upande wa mashtaka ujipange.

Na wewe msikilizaji, leo hii bonyeza *#06# kwenye simu yako, namba ya utambulisho wa simu itakayotokea iandike na uihifadhi nyumbani. Tunza risiti. Ukikabwa, mtaje uliyemtambua kwa mtu wa kwanza utakayekutana naye, kisha kwa polisi. Usomewe maelezo yako kabla ya kusaini. Ukiitwa mahakamani, nenda, hata ikiwa ni mara ya nne.

Mnyang'anyi afungwe kwa ushahidi usiotikisika, na asiyehusika arudi kwao mapema. Arusha inastahili yote mawili, na hakuna hata moja litakalopatikana kwa tairi na petroli.