Kindi Mwekundu Ana Haki ya Kulindwa

Nchini Uingereza kuna wananchi wanaowalinda kindi wekundu. Kazi yao inastahili kuungwa mkono.

Tishio kwa wekundu ni kindi wa kijivu, ambaye si mwenyeji wa huko. Alitolewa Amerika Kaskazini, na mwaka 1876 akaachiliwa Cheshire awe pambo la bustani. Ana mwili mkubwa, hula njugu za msituni kabla hazijaiva, na hubeba virusi vya ndui ya kindi bila kudhurika. Mwekundu akiambukizwa hutoka vidonda machoni na mdomoni, hushindwa kula, na mara nyingi hufa ndani ya wiki mbili.

Katika kisiwa cha Anglesey, Wales, kazi ya kuwaondoa kindi wa kijivu ilianza mwaka 1998, wekundu wakiwa wamebaki takriban 40. Wakazi walijitolea kusaidia. Mwekundu akinaswa mtegoni aliachiliwa. Wa kijivu aliuawa. Leo wekundu ni mamia.

Kuua mnyama si jambo jepesi, na wanaolipinga wanastahili kusikilizwa. Lakini binadamu ndiye aliyemleta mgeni huyu, na kunyamaza ni kumhukumu mwenyeji atoweke.

Tena kazi haijaisha: kindi wa kijivu huweza kuvuka madaraja ya mlangobahari wa Menai kutoka bara na kurudi kisiwani. Wakazi wametimiza wajibu wao. Sasa serikali iwape fedha za kudumu, si za msimu.