MICHANGO KWA WAPALESTINA: FEDHA ZINAMFIKIA NANI?
(Maongezi kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Suala la kuwachangia Wapalestina linapozuka katika mkutano wa chama, husimama watu wa namna mbili. Wa kwanza hutaka fedha zitolewe siku hiyo hiyo. Wa pili huuliza zitamfikia nani. Wote wana haki ya kusikilizwa, lakini swali la huyu wa pili ndilo linalomkabili katibu, maana yeye ndiye ashikaye daftari.

Jambo hili lina historia. Mwezi Aprili 1948, katika vita vilivyowaacha Wapalestina wapatao 750,000 bila nyumba wala mashamba, bibi mmoja wa Yerusalemu, Hind al-Husseini, aliwakuta njiani watoto 55 waliosalia baada ya mauaji ya kijiji cha Deir Yassin. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa pauni 138 za Kipalestina. Aliwatafutia watoto hao mahali pa kulala, na baadaye akaigeuza nyumba ya babu yake kuwa makao ya yatima na shule iitwayo Dar al-Tifl al-Arabi. Aliitumikia hadi alipofariki mwaka 1994. Wafadhili walikuja, naam, hata kutoka nchi za mbali. Lakini walikuta kazi imekwisha kuanza, na mwenye kuulizwa habari za fedha anajulikana kwa jina na kwa nyumba yake.

Vivyo hivyo mjini al-Bireh, ambako Samiha Khalil alianzisha mwaka 1965 chama cha In'ash al-Usra. Wanawake walifundishwa kushona na kutarizi, kazi zao zikauzwa, na watoto waliopoteza wazazi wakapatiwa walezi wa kuwachangia. Hapo msaada wa nje uliongezwa juu ya jasho la wenyewe, haukuwekwa mahali pake.

Msaada mkubwa zaidi umepitia njia nyingine. Desemba 1949 Umoja wa Mataifa uliunda shirika la wakimbizi wa Kipalestina, UNRWA, lililoanza kazi Mei 1950. Shirika hilo limeendesha shule na zahanati katika Jordan, Lebanon, Syria, Ukingo wa Magharibi na Gaza, na walioandikishwa katika vitabu vyake wanakaribia watu milioni 6. Hata hivyo hazina yake karibu yote ni ya hiari: kila mwaka hupitisha bakuli. Mwaka 2018 Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilipunguza mchango wake, kisha ikaukata kabisa. Ikaurudisha mwaka 2021. Januari 2024 ikausimamisha tena, pamoja na nchi nyingine kadhaa, baada ya Israel kudai kwamba baadhi ya wafanyakazi wa shirika walishiriki katika mashambulio ya tarehe 7 Oktoba 2023. Nyingi kati ya nchi hizo zilirejea baadaye, Marekani haikurejea. Na Oktoba 2024 Bunge la Israel lilipitisha sheria za kulizuia shirika hilo, zikaanza kutumika mwishoni mwa Januari 2025. Mwanaushirika hahitaji kuelezwa sana hali ya chama chenye mnunuzi mmoja.

Wakati huo huo haja ilikuwa imezidi kiasi. Kufikia mwisho wa Julai 2025 Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu watu zaidi ya 60,000 waliouawa tangu vita kuanza, na tarehe 22 Agosti 2025 wataalamu wa kimataifa wa chakula walithibitisha kuwa njaa kuu imeingia katika mkoa wa Gaza. Mapigano yalisimamishwa kwa mapatano ya Oktoba 2025, lakini mapatano hayajengi nyumba wala hayarudishi shamba lililosagwa na vifaru.

Shamba ndilo jambo ambalo wanachama wa vyama vya mazao wataliona upesi. Ukingo wa Magharibi ni nchi ya mizeituni. Familia zipatazo 80,000 hadi 100,000 hutegemea zao hilo kwa sehemu ya riziki yao, na mavuno huanguka mwezi Oktoba na Novemba. Mti ukikatwa, na mingi imekatwa au kuchomwa, mche mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kwa hiyo mchango wa miche una thamani, lakini soko lina thamani zaidi. Mwaka 2004 wakulima wa sehemu za Jenin waliungana katika chama cha Biashara ya Haki, na mwaka 2009 mafuta ya zeituni ya Palestina yalikuwa ya kwanza duniani kuuzwa yakiwa na alama ya Fairtrade, huko Uingereza. Utaratibu wenyewe si mgeni: vyama vikuu vya kahawa vya Kagera na Kilimanjaro vimeuza kahawa kwa njia hiyo, na wanachama wao wanafahamu jinsi nyongeza ya bei inavyojadiliwa mkutanoni kabla ya kutumiwa.

Kisa cha Beit Sahour, mji ulio jirani na Bethlehemu, kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1988, wakati wa maasi ya kwanza, wakazi waliamua kuacha kununua maziwa ya Israel. Walichanga, wakanunua ng'ombe 18, tena kutoka kwa Waisraeli wenyewe, wakajifunza kuwatunza, kazi ambayo wengi wao hawakuwahi kuifanya. Jeshi likatangaza kuwa ng'ombe hao ni hatari kwa usalama, likaamuru waondolewe. Wakafichwa, na maziwa yakagawiwa nyumba kwa nyumba. Pengine haijapata kutokea tena jeshi likatafuta ng'ombe wa maziwa kwa bidii namna ile.

Sasa kuhusu wajibu wa katibu. Fedha za mauzo ya mazao ni mali ya wakulima, na akiba ya chama ina masharti yake. Hakuna huruma inayompa katibu ruhusa ya kuzigusa. Mchango uamuliwe na mkutano mkuu, au ukusanywe pembeni kwa hiari, kila mtu kwa stakabadhi yake, hata akitoa shilingi mia. Nguo kuukuu zisikusanywe: nauli yake hupita thamani yake, na Gaza mizigo imekwama mpakani kwa miezi.

Chombo kitakachopokea fedha kichunguzwe pia. Oktoba 2021 Israel ilivipiga marufuku vyama sita vya Kipalestina, kimojawapo cha wakulima. Julai 2022 nchi tisa za Ulaya zilisema hazikuonyeshwa ushahidi wa kutosha. Benki haingoji mabishano hayo yaishe, na huweza kurudisha fedha au kuzishikilia. Basi katibu aulize kwanza, kwa barua, juu ya sheria ya nchi na njia ya kupeleka fedha, ndipo akusanye. Jibu la barua hiyo na stakabadhi ya mpokeaji visomwe katika mkutano unaofuata, na viingizwe katika kumbukumbu.