Muhuri wa Masjala na Haki ya Mali

Hoja yangu jioni hii ni moja: muhuri wa masjala huitangaza hati, hauitakasi. Nitaieleza kwa mfumo wa Marekani, ambako hati za mali husajiliwa kwenye ofisi ya kaunti, na ambako baadhi ya ndugu zetu wamenunua nyumba.

Tusimame kidogo kwenye dirisha la ofisi hiyo. Karani anapokea hati ya mauziano. Anaangalia kama saini ya muuzaji imethibitishwa na notari, kama kiwanja kimeelezwa ipasavyo, kama ada imelipwa. Anagonga muhuri wenye tarehe, saa na dakika, anaipa hati namba, anaipiga picha, kisha anaingiza majina ya muuzaji na mnunuzi katika faharasa. Hati yenyewe inarudi kwa mwenyewe. Karani haulizi kama muuzaji alikuwa na mali ya kuuza. Sheria haikumpa kazi hiyo.

Basi dakika ile ina uzito gani? Tuseme mtu kamwuzia Asha kiwanja Jumatatu, naye Asha akaifungia hati kabatini. Alhamisi muuzaji huyohuyo akamwuzia Juma, asiyejua lolote, na Juma akawahi ofisini. Katika majimbo kama California na New York, kiwanja ni cha Juma, kwa kuwa alinunua kwa nia njema na akatangulia kusajili. North Carolina ni kali zaidi: anayewahi kusajili hushinda hata kama alikuwa na habari za mauzo ya kwanza. Lakini hati ya kughushi hubaki batili, hata ikisajiliwa mara kumi.

Kwa kuwa ofisi haidhamini kitu, kazi ya kuchunguza ikaangukia mikono ya watu binafsi. Moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871 uliteketeza kumbukumbu za kaunti ya Cook. Kilichowaokoa wenye mali ni muhtasari wa hati uliotunzwa na kampuni binafsi, na mwaka 1872 bunge la Illinois likaruhusu utumike mahakamani. Leo benki inayomkopesha mnunuzi kwa kawaida humtaka akate bima ya milki, yaani ya kufidia hasara dosari ya umiliki ikijitokeza.

Huku kwetu, kwa ardhi iliyosajiliwa, Kenya na Tanzania zimefuata njia inayotokana na ile ya Robert Torrens wa Australia Kusini, ya mwaka 1858: rejista ya serikali ndiyo ushahidi wa umiliki. Wengi wakadhani hapo maswali yamekwisha. Hayajaisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la kiwanja cha ufukweni Mombasa, iliamua kwamba hati haimkingi mnunuzi ikiwa ugawaji wa awali haukufuata sheria.

Kwa hiyo, mnunuzi wa Chicago na wa Mombasa wana wajibu uleule. Fanya upekuzi masjala kabla hujatoa fedha. Fuata mlolongo wa wamiliki hadi ule ugawaji wa kwanza. Ukishatia saini, usilaze hati nyumbani. Ipeleke ikasajiliwe siku hiyohiyo. Nanyi walimu wa sheria, wafundisheni vijana wetu kuisoma rejista, wasiishie kwenye vifungu tu.