Anwani Nyingi Hazitoshi: Upangaji wa Muda Mrefu wa Njia za Intaneti Tanzania

Intaneti husafirisha data katika vifurushi vidogo, na kila kifurushi hubeba anwani ya namba ambayo mashine za kuelekeza njia, yaani ruta, huisoma ili kuamua kipite wapi. Katika itifaki ya IPv4, iliyochapishwa mwaka 1981, anwani ina biti 32, hivyo anwani zote duniani haziwezi kuzidi takribani bilioni 4.3. Akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011, na Januari 2020 AFRINIC, shirika la Mauritius linalogawa anwani barani Afrika, liliingia katika awamu ambayo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja.

IPv6, yenye biti 128, huondoa uhaba huo, lakini haiondoi tatizo la pili, yaani kuvimba kwa jedwali la njia, ambalo ni orodha inayoieleza ruta kila mtandao unafikiwa kupitia wapi. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali hilo lilivuka mistari 512,000, kikomo cha ruta nyingi za zamani, na huduma zikayumba katika nchi mbalimbali. Dawa yake ni kujumuisha njia. Dereva atokaye Dar es Salaam, afikapo njiapanda ya Msamvu mjini Morogoro, hahitaji orodha ya vijiji vya Njombe na Mbeya, kwa kuwa vyote hufuata barabara ya Iringa, ilhali Singida na Mwanza hufuata ya Dodoma. Vivyo hivyo, anwani zenye mwanzo mmoja zikikaa upande mmoja wa mtandao, mstari mmoja huzitosha zote.

Kwa hiyo kazi ya mpangaji ni kuuona ukuaji kabla haujatokea. Fungu la kawaida la IPv6 apewalo mtoa huduma hugawika katika mafungu 65,536 ya taasisi. Kati ya biti zinazotofautisha mafungu hayo, tano zikitengwa kwa ajili ya mikoa hutoa nafasi 32, na Tanzania ina mikoa 31. Mpango huo ungeonekana kutosha, ilhali mwaka 2012 ulileta mikoa minne mipya na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Biti sita hutoa nafasi 64, kila moja ikiwa na mafungu 1,024, na mkoa ukipewa nafasi yenye namba shufwa, nafasi ya pembeni hubaki akiba yake: mkoa ukimegwa, mkoa mpya huichukua, na wote wawili huendelea kutangazwa kwa mstari mmoja. Hata hivyo, wilaya ambayo waya wake hupitia mkoa wa jirani ihesabiwe huko, kwa sababu ruta hufuata nyaya, si mipaka ya utawala.

Watoa huduma na vyuo, vikiwemo vya Morogoro, hawana budi kuandaa mpango wa namna hii kabla ya kuomba anwani, kwa sababu kuhamisha anwani za taasisi ambazo tayari zimeunganishwa ni kazi ghali kuliko kuzipanga mapema.