Usiku wa Dar es Salaam Unatoka Uswahilini

Abiria anayemwambia konda amshushe Sinza kwa Remmy hahitaji kueleza zaidi. Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy, kisha Super Matimila. Alifariki Desemba 2010. Kituo bado ni chake.

Jiji hili limewahi kuulea usiku wake wa muziki. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo iliyopitia majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, nayo ikajulikana kwa mtindo wa Sikinde. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, vyombo na ukumbi. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka bendi ya kwanza akaingia ya pili, na mashabiki wa pande hizo mbili wakawa watani wa jadi kama wale wa Simba na Yanga.

Singeli, muziki wa kasi wa vijana wa mtaani, haikupata mlezi wa namna hiyo. Ilikulia Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye harusi, ngoma za mtaani na vigodoro, yaani sherehe za mtaani za kukesha. Ma-DJ walichukua vipande vya taarab, wakavikimbiza kwenye kompyuta hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, na MC akaghani juu yavyo bila kuvuta pumzi. Mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Kisha vijana wa uswahilini wakaalikwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Nyumbani, vigodoro vimekuwa vikipigwa marufuku. Malalamiko ya majirani ni ya kweli: mgonjwa yupo, mtoto ana mtihani asubuhi, na spika inatikisa dirisha saa nane za usiku. Lakini marufuku haimpi kijana mahali pengine pa kupigia. Kumbi za hoteli za Masaki ni ghali kwake, na Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kinachofanya kazi nzuri Mikocheni tangu 2008, hakiwezi kubeba jiji zima.

Manispaa za Ubungo na Kinondoni zianze na Manzese na Tandale: uwanja mmoja kwa kila eneo, wenye umeme, vyoo, taa na saa ya kufunga inayojulikana na mtaa mzima.