Moto ukishika usiku huu, utapigia nani?

Wandugu vijana, wanainchi wenzetu wa Butembo na Beni,

Tunaanza na swali moja. Usiku huu moto ukishika nyumba ya jirani pale Kimemi ao Mulekera, utapigia nani simu? Mwenye namba kichwani anyooshe mkono. Jibu tunalijua sisi wote: utapiga kelele, jirani atakuja na beseni ya maji, mwengine na mchanga, vijana watabomoa ukuta ili moto usivuke. Zimamoto ni sisi wenyewe. Na mgonjwa wa usiku anabebwa na motari, mtu mmoja akimushika kwa nyuma.

Si kwamba hiyo kazi haina mwenyewe. Kuzima moto na kuokoa watu ni kazi ya Protection civile, chini ya wizara ya Mambo ya Ndani. Ambulansi ni za hospitali na zone za afya, chini ya wizara ya Afya. Meya haamuru ambulansi, na daktari mkuu wa zone haamuru gari la kuzima moto. Sasa gari la mafuta likipinduka na kuwaka, wanahitajika wote wawili kwa mara moja. Nani anawaita? Dakika zinapita, watu wanapotea.

Wengine watasema hatuna uwezo. Lakini sisi tunakumbuka Ebola, toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020. Wakati ule kulikuwa timu za tahadhari, magari, na wajitolea wa Msalaba Mwekundu waliofundishwa kuzika kwa heshima na usalama. Kila mtu alijua kazi yake. Wengi wao walikuwa vijana wa hapa hapa. Feza ya wageni ilipoisha, mpango nao ulienda. Basi akili haikosekane, kinachokosekana ni bajeti na uamuzi.

Tulijifunza pia kwa uchungu. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Huduma ambayo watu hawaiamini haiwezi kufanya kazi, hata ikiwa na magari mapya. Ndiyo maana tunataka ijengwe pamoja na watu wa kartiye.

Na msituambie tena kwamba wakubwa wako mbali. Tangu Goma ilipokamatwa na M23 mwisho wa Januari 2025, serikali ya jimbo inafanyia kazi Beni, karibu kilomita 54 toka Butembo. Mameya wetu ni maofisa wa polisi, juu ya utawala wa kijeshi ulioanza tarehe 6 Mei 2021. Hatukuwachagua, lakini kodi tunalipa.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Namba moja ya simu, ya bure, kwa moto na kwa wagonjwa.
2. Ofisi ya kila komini, zote 8 za miji hii miwili, ibandike mlangoni: wafanyakazi wangapi, nani aliwafundisha, nani anawalipa, magari gani yanatembea.
3. Mafuta ya ambulansi yawe ndani ya bajeti. Familia isiombwe feza ya mafuta wakati mama anatoka damu.
4. Akiba ya maji kwenye masoko, na wauza mafuta ya chupa wahamishwe mbali na nyumba, wakionyeshwa kwanza fasi ya kuuzia.
5. Wamotari wafundishwe huduma ya kwanza, kwa sababu wao ndio wanafika mbele.

Na sisi? Siku ya salongo tufungue njia za kartiye zilizozibwa, gari lipate kupita. Moto ukishika, tuweke simu mfukoni, tubebe maji. Kisha twende pamoja kwenye ofisi ya komini, kwa amani, tuulize bajeti. Tukirudishwa, tutarudi tena juma linalofuata.